Kule Juu Maji Haisimame

Tarehe 15, mwezi wa kenda

Padri amekataa kunimalizia maungamo yangu. Nilipiga magoti, nikaanza kusema, akanikata: "Huyo mama angali muzima?" Nikasema ndiyo. "Anakaa mbali?" Nikasema hapana, tunaonana kila siku, nyumba yake iko chini ya shamba yangu hapa Gatete. Akasema: "Basi unakuja kuniambia miye ya nini? Enda umuambie yeye, kisha urudi." Nikamwambia mudomo yangu itakauka. Akasema mudomo ikikauka, anza na mukono, andika.

Ndiyo nimenunua hii kaye ya kuandikia. Nilisoma mpaka mwaka wa sita tu, na niko na miaka makumi tano na moja, herufi zangu zinalala kama majani iliyopigwa na upepo. Lakini nitaandika.

Leo siandike ile jambo. Niandike kwanza ya vitunguu.

Eliana, binti yangu mukubwa, anafanya kazi Holandi, mu kampuni inapanga maua mu makartoni. Alimupa dada mmoja wa Bujumbura sakoshi aniletee. Ndani iko vitunguu sitini na mbili. Siyo ya kula. Anasema inatoa kijiti kirefu mpaka ku kiuno ya mutu, na juu yake inafunguka mupira ya maua, rangi ya zambarau, mukubwa kama kichwa ya mutoto. Hoteli moja ya ku ziwa, njia ya Kigwena, imesema itachukua yote kwa ndoa za mwezi wa kumi na mbili.

Inataka vitu viwili: jua mingi, na maji isisimame. "Baba, ikilala mu maji siku mbili tu, imeoza." Na miye mu shamba yangu yote niko na sehemu moja tu ya namna hiyo. Hii ingine yote ni udongo ya kushika, mvua ikinyesha inakuwa kama bugali. Ni kile kipande cha juu tu.

Tarehe 17

Nimelima juu. Nimechanganya udongo na mchanga ya ziwa, mikokoteni ine, pamoja na changarawe. Nimechimba mitaro mbili, kila upande moja, zinashuka mpaka chini. Zipora bibi yangu alisimama akaangalia, akasema: "Baba Eliana, hata mihogo haujawahi kuitandikia kitanda hivi."

Tarehe 18

Nimepanda. Mistari tatu. Kila kitunguu inaingia chini mara tatu ya urefu yake, ncha juu. Kila mara jembe inapoingia, nasikiliza kama itagonga kitu. Haikugonga kitu.

Tarehe 20

Mama Agata alipanda huku juu na fimbo yake. Alipumzika mara mbili njiani, nikamuona, nikajifanya sikumuona.

"Amahoro, Revo."

"Amahoro, mama. Karibu."

"Unapanda nini tena? Vitunguu?"

"Vitunguu ya maua, mama. Haikuliwe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kitunguu ya kuangalia! Kumbe Wazungu wameshiba kweli."

Alikaa ku ukingo wa mutaro. Huyu mama na watu ya kwao walikimbia Tanzania mwaka wa sabini na mbili, alikuwa kasichana ka miaka kumi na ine. Alirudi mwaka wa elfu mbili na nane na watoto wake wakubwa. Akasema hiki kipande cha juu ni ya baba yake, muzee Barutwanayo, aliyekufa kabla ya vita, akazikwa hapa. Tulisimama mbele ya komisyo ya mashamba. Alishindwa. Leta, yaani serikali, ikamupa kale kasehemu ka chini, ka udongo ya kushika, karibu na ziwa.

Akaniambia: "Revo, sikuje kuomba shamba. Nilishindwa, nimeshindwa, hiyo imeisha. Lakini baba yangu hakuamka akatembea. Yuko mahali. Weye ulikulia hapa, ulicheza hapa. Nionyeshe tu. Niweke hata jiwe moja kabla sijaenda, na siku yangu ikifika wanilaze pembeni yake. Shamba kaa nayo."

Nikasema: "Mama, miye nilikuwa mutoto."

"Ndiyo. Watoto wanaonaka."

Nikasema nitauliza wazee. Akanishukuru. Murakoze cane, mara mbili. Akashuka.

Tarehe 26

Mvua ya kwanza, ya nguvu. Mitaro imefanya kazi vizuri sana. Kule juu maji haisimame.

Tarehe 3, mwezi wa kumi

Imetoka! Majani mazito, kijani ya kuelekea bluu, kama masikio ya sungura. Nimehesabu makumi tano na nane. Nilimutumia Eliana picha, akajibu na vichwa vya kucheka na vya kulia pamoja. Nilifurahi siku nzima, mpaka nikakumbuka iko inatoka mahali gani.

Tarehe 7

Mvua. Mvua.

Tarehe 8

Mwalimu Ntakirutimana alikuja, yule mwana wa mama Agata. Alizaliwa kambini kule Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kimenyooka kama rula, na anatusalimia sisi wote kama vile tuko wazee wa heshima.

"Shikamoo mzee Revo."

"Marahaba, mwalimu."

"Mzee, nakuomba ugeuze mitaro yako. Maji yote ya huku juu yanaingia kwetu. Ziwa linapanda kutoka chini, wewe unamwaga kutoka juu, sisi tuko katikati. Ukuta wa chumba cha mama umelowa mpaka hapa." Akaonyesha ku goti yake.

Nikasema nitageuza. Akasema ahsante.

Sikugeuza. Nilipanda na jembe, nikaangalia. Nikiigeuza, maji itapita mu mistari. Vitunguu itaoza. Nilisema ngoja kwanza ichanue, ni miezi miwili tu. Nikashuka na jembe kavu.

Tarehe 12

Leo naandika ile jambo. Zipora ameenda ku soko ya Rumonge, niko peke yangu na mvua.

Kaburi ya muzee Barutwanayo naijua. Nilikuwa nacheza juu yake. Ilikuwa kirundo ya mawe, urefu kama wa mutu, na majani marefu pembeni. Marehemu baba yangu alikuwa akitukataza kupanda mawe, anasema: mutamukanyaga mwenyewe. Mwenyewe! Kwa hiyo baba alijua, na sisi tulijua, na hakuna aliyesema.

Komisyo ilikuja mwaka wa elfu mbili na kenda, mwezi wa munane. Mama Agata alikuwa amewaambia: shamba ni yetu, kaburi ya baba iko juu, mutaikuta. Baba yangu akasikia. Alikuwa muzee sana tayari, hawezi kushika jembe. Akaniita pamoja na Isaka jirani yetu, ambaye naye alikuwa anakalia shamba ya watu waliokimbia, akasema: "Wakikuta kaburi, tumekwisha. Leo ni ya kwetu, kesho ni ya Isaka."

Tulitoa mawe siku moja na nusu, miye na Isaka, Zipora akiwa kwao; yeye alidhani ni kirundo ya mawe tu. Tuliimwaga yote mu korongo, mvua ya mwaka ule ikaipeleka ziwani. Tulilima, tukasawazisha. Kisha baba akasema neno moja ambayo hata shetani angelipumuzika kidogo mbele ya kuisema. Alisema: "Pandeni vitunguu."

Kwa sababu huku kwetu hakuna mutu, hata mwizi, hata mwenye njaa, anapanda chakula juu ya kaburi. Haijafanyika. Mutu akiona chakula, anajua hapa hakuna maiti. Baba alijua watafikiri hivyo, na walifikiri hivyo. Tulimwagilia ndoo kwa ndoo, wakati wa jua kali, ili komisyo ikifika ikute vitunguu imesimama.

Ilifika. Wakubwa watano na bashingantahe, wazee waamuzi wa kolini, ule mulima yetu. Mama Agata alitembea mbele yao, anasema ni hapa, ni hapa, kisha akasimama. Akaona vitunguu. Alizunguka kama mutu amepoteza ufunguo. Mukubwa mmoja akamwambia kwa upole: "Mama, umekaa nje miaka mingi. Nani angelima vitunguu juu ya baba yako?" Mama Agata akaangalia vitunguu tena. Naona mpaka leo uso yake. Alianza kujikatalia yeye mwenyewe.

Wakatuapisha. Isaka alisema hajaona kaburi. Nikasema sijaona kaburi. Mukono yangu ilikuwa ingali inanuka vitunguu.

Haijaisha. Tulivuna mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa mikubwa, mekundu, mitamu. Tulikula. Tuliuza. Na siku moja nilimuona mama Agata anajenga kule chini, peke yake na mwalimu, wanakanda udongo, nikasikia huruma. Nikafunga vitunguu kama kilo mbili mu majani ya ndizi, nikamupelekea. Jirani mwema! Alinishika mukono na mikono yake miwili. Akapika siku ile ile, nilisikia harufu ikipanda.

Nimeandika. Lakini kaye haina masikio, na mama Agata iko nayo.

Tarehe 13

Sikushuka kwake.

Tarehe 14

Sikushuka.

Tarehe 19

Nilienda kwa Isaka. Nilidhani tukienda wawili itakuwa nyepesi. Alikuwa anakamua mawese, mikono yote mafuta mpaka ku kiwiko. Nilimwambia padri amesema nini.

Akaangalia mulango kwanza. "Revo, weye unaumwa?"

"Siumwe."

"Basi ni yale maua. Mutu akianza kupanda chakula isiyokuliwa, kichwa yake nayo inaanza kuzaa vitu haviliwe."

"Isaka, mama anazeeka. Anataka tu kujua mahali."

"Na akishajua? Mwalimu atanyamaza? Atasema: kama walidanganya kaburi ile, walidanganya na yale mengine. Watakuja hapa, kwa michikichi yangu. Miye niko na wajukuu kenda, ndugu. Weye mutoto yako iko anakula jibini Holandi."

Akapangusa mafuta ku suruali.

"Unajua unataka nini weye?" akasema. "Unataka kulala vizuri. Sasa unataka sisi wote tukose usingizi ili Revokatus alale."

Niliondoka. Njiani nilimukasirikia sana, na chini ya hasira niliona hakusema uongo yote.

Tarehe 25

Mvua siku ya tatu. Vitunguu iko vizuri. Hakuna hata moja imeoza.

Tarehe 4, mwezi wa kumi na moja

Nilimukuta mama Agata njiani, amejifunga kitambaa ku kifua, anakohoa. "Uliuliza wazee?" Nikasema bado, wengine wamesafiri. Wazee gani wanasafiri mu hii mvua? Akasema: "Haya. Usisahau."

Hakuna kitu inaniumiza kama ile "usisahau".

Tarehe 9

Ukuta imeanguka.

Ilikuwa saa kenda ya muchana, mvua imepungua, nilikuwa juu napalilia. Nilisikia kitu kama gunia inaangushwa, kisha mwanamuke analia, muke wa mwalimu. Nilikimbia. Ukuta wote wa upande wa mulima umelala ndani ya chumba. Mama Agata alikuwa ku kitanda. Haikumufikia, ilisimama ku miguu ya kitanda, lakini maji ilifuata. Maji ya rangi ya shamba yangu, na mchanga mweupe ndani. Ile mchanga naijua. Niliileta miye na mukokoteni.

Tulimubeba miye na mwalimu. Ni mwepesi. Alikuwa anatetemeka, na akaniambia: "Revo, utalowa." Aliniambia hivyo!

Tulimupeleka mu chumba ya mbele. Mwalimu hakunisalimia, hakunitukana. Alichukua jembe yake, akapanda, akaziba mitaro yangu yote miwili, akageuza maji kwa pembeni. Ilimuchukua labda nusu saa. Nusu saa! Nilisimama naangalia kitu nilichosema hakiwezekane.

Tarehe 10

Majani ya vitunguu yanakuwa manjano kwenye ncha.

Tarehe 14

Manjano yote. Mengine yamelala chini kabisa. Basi imekufa. Nilijisikia kama mutu aliyekuwa akijificha nyuma ya mulango, kisha mulango ikatolewa. Nilikuwa nasema: ichanue kwanza, kisha nitamuambia. Sasa haitachanua. Sina tena kitu ya kungoja.

Tarehe 16

Nimemuambia.

Nilienda baada ya misa. Muke wa mwalimu alikuwa anapika nje, mwalimu ameenda kutafuta miti ya ukuta. Mama Agata alikuwa amelala upande, pumuzi yake inapiga kama mulango mubovu. Nilikaa ku kiti kidogo. Nilisema yote, kama nilivyoiandika. Mawe, korongo, Isaka, baba yangu, kiapo. Sikuruka kitu. Nilipofika ku vitunguu nilivyomupa, niliangalia chini, nikasema na hiyo.

Hakulia. Alivuta shuka mpaka ku kidevu.

"Ilikuwa mitamu," akasema. "Ile vitunguu. Nilimuombea Mungu mutu aliyenipa."

Nikasema: "Mama, nisamehe."

Kama hakusikia. "Miaka kumi na tano nilisema labda nimechanganyikiwa. Labda kambi ilinikula akili. Watoto wangu walianza kunisahihisha: mama, pengine ilikuwa kolini ingine. Nikakubali. Weye ulijua niko muzima wa kichwa, ukaniacha."

"Ndiyo, mama."

"Sasa niambie. Ni wapi?"

Hapo ndipo nilijua sijamaliza kuiba. Kwa sababu nilipofungua mudomo nimuonyeshe, niliona sijui. Tuliondoa mawe, tulilima. Tumelima miaka kumi na tano, tumesawazisha, tumegeuza mistari, mupapai tuliyokuwa tunaipimia ilikufa. Nikasema: "Ni katikati ya mustari wa kwanza na wa tatu."

Akageuka, akaniangalia vizuri.

"Mutu mmoja hawezi kulala mu mistari tatu, Revo. Kichwa yake iko upande gani?"

"Sijui, mama."

"Enda utafute," akasema. "Ukipata ndiyo uje kuniomba musamaha. Usije mikono mitupu."

Tarehe 17

Nimengoa yote. Vitunguu makumi tano na nane, niliitupa pembeni kama mawe. Nilichimba kutoka ku mustari wa kwanza. Zipora alikuja akaniuliza nafanya nini, nikamuambia, na nikamuambia na ile ingine yote, hapo hapo, jembe ku mukono.

Alikaa chini mu udongo. Kisha akasema: "Umenilisha ku kaburi."

Nikasema ndiyo.

"Na watoto wangu. Nikiwa na mimba ya wa mwisho nilikuwa natafuna ile vitunguu mibichi, nakupigia kelele uniletee ingine, na weye unaleta."

Alienda kunawa mudomo. Nilimuona kwa mbali, ananawa, anatema, ananawa tena, kana kwamba ilikuwa chakula ya leo.

Tarehe 18

Nimechimba mpaka ku kifua. Nimekuta kipande cha chungu na muzizi wa mupapai. Hakuna mufupa. Hakuna hata rangi ya mufupa. Muzee mmoja alinipitia akasema ardhi kama hii ya mchanga, maji inapita kila mwaka, inabeba kidogo kidogo, haiachi kitu. Alidhani natafuta bomba.

Eliana alipiga telefone jioni. Niliona haya kumuambia mengine, nikasema tu: maua ilikufa, majani ilikuwa manjano, nimengoa.

"Baba! Umengoa?"

"Ilikuwa imekufa."

"Haikuwa imekufa! Hii namna majani inakauka kwanza, maua inakuja nyuma. Sikukuambia? Kijiti ilikuwa ndani. Baba, ungelingoja wiki tatu tu."

Nilipasua moja na kisu. Ilikuwa kweli. Ndani katikati iko kijiti kifupi, na ku ncha yake kifundo kadogo kamefungwa mu ngozi nyembamba kama karatasi. Nilipasua ya pili, ya tatu. Zote.

Sikuweza hata kusikitika vizuri. Huzuni ya maua ilikuja kupiga hodi, ikakuta nyumba imejaa.

Tarehe 24

Nimechimba upande wa mustari wa tatu. Hakuna.

Tarehe 1, mwezi wa kumi na mbili

Hakuna.

Tarehe 6

Leo nilisema mbele ya watu. Niliomba chef wa kolini aite bashingantahe, wakaja, tukakaa ku shule. Mwalimu alikuwepo, mama yake hawezi kutoka. Zipora alikuja pia, akakaa nyuma, kichwa kimefunikwa.

Nilisema. Walipomuuliza Isaka, akasimama, akavua kofia. "Wazee, nyinyi mwamujua huyu. Maua yake ya Ulaya imekufa, akili imefuata. Miye nilisema ukweli mwaka ule, na leo nasema ile ile." Watu wengine walicheka. Alipokaa niliona amevaa kofia nyuma mbele, na sikufurahi.

Muzee mmoja wa wale waliokuja na komisyo angali hai. Akaniuliza: "Ile siku, tulikanyaga?" Nikasema ndiyo. Akainamisha kichwa. "Tulikanyaga," akasema, "na nilichuma jani moja nikanusa."

Chef akasema papye, ile karatasi ya komisyo, hawezi kuipasua, iko juu ya uwezo wake. Lakini mutu na mali yake hawezi kumukataza. Nikasema basi niandike natoa kipande cha juu kwa mama Agata.

Mwalimu akasimama. Hakupandisha sauti. "Mzee Revo, usiandike 'natoa'. Andika 'narudisha'."

Niliandika narudisha. Bibi yangu alipaswa kutia sinyatire naye, kwa sababu ya watoto. Nilidhani atakataa. Akaja mbele, akashika kalamu, akatia. Akaniambia bila kuniangalia: "Sitaki kula kitu ya pale hata siku moja. Hiyo tu ndiyo sababu. Usifikiri ni kwa ajili yako."

Mwalimu alipeleka papye nyumbani. Mama yake aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akaiweka chini ya muto wa kulalia. Kisha akauliza: "Na mahali?"

Mwalimu mwenyewe alinisimulia. Alinisimulia kwa sababu nilimuuliza.

Tarehe 15

Wanataka kumujengea kakibanda kule juu, ku pakavu. Amekataa. Amesema hawezi kuweka kitanda mahali hajui kama miguu ya kitanda inamuchoma baba yake.

Tarehe 20

Nachimba bado. Watu wanapita wanasimama. Wengine wananisalimia, wengine wananiimbia.

Tarehe 25

Noeli. Mvua. Zipora alipika, hakuweka vitunguu. Hajaweka kitunguu mu chakula tangu siku ile.

Tarehe 29

Mwalimu alimupeleka mama yake ku sante, hospitali ndogo. Wamesema ni mapafu, imekawia. Ilianza na ile maji ya ukuta. Wamemurudisha na dawa.

Tarehe 2, mwezi wa kwanza

Aliniita. Nilienda mikono mitupu, nikasimama ku mulango. Alinifanyia ishara nikaribie. Sauti yake imebaki kama ya karatasi.

"Umepata?"

"Bado, mama."

"Utapata?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa ku ulimi. Nikasema: "Sijui, mama."

Akafunga macho. "Afazali," akasema. "Leo haukudanganya."

Sikuomba musamaha. Alisema nisiombe mikono mitupu, sikuomba.

Tarehe 5

Mama Agata amekufa asubuhi, saa mbili.

Tarehe 6

Wamemuzika leo. Naandika na udongo ku kucha.

Chef aliruhusu azikwe kule juu, ijapo leta inakataza kuzika mu mashamba, akasema yeye hakuona. Watu walikuja wengi, hata wa Bugarama. Mvua ilikuwa imenyamaza tangu jana, jua ikatoka, kali, ile jua yenyewe ya kile kipande. Nilikaa mbali ku mupaka. Siku zote mutu akikufa jirani ndiyo wanachimba, lakini miye sikuchukua jembe, nilijua hawatataka.

Wanaume sita walisimama na majembe, hawaanze. Wananong'ona. Kisha mwalimu akatoka kati yao, akatembea mpaka mahali niko. Macho yake mekundu.

"Mzee Revo. Mama ameacha neno moja. Alazwe ubavuni mwa baba yake, upande wa kushoto. Njoo utuonyeshe."

Nikasema: "Mwalimu, nimetafuta..."

"Najua umetafuta. Mzee, wamebeba jeneza, wanasubiri. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeliona lile kaburi isipokuwa wewe na Isaka. Isaka amekataa kuja. Tuonyeshe tu."

Nilipanda. Watu wakafungua njia. Nilisimama mu ile shamba, mashimo yangu kila mahali, mistari haiko tena, na wote wananiangalia mudomo. Miaka kumi na tano nyuma walisimama hivi hivi. Zipora alikuwa pale kati ya wanawake. Yeye aliniona nikirudi kila siku bila kitu.

Nilitafuta ndani yangu kale katoto kalikokuwa kakicheza juu ya mawe. Kaliangalia ziwa kwa upande gani? Kivuli ya muti ilikuja wapi? Nilikaita. Hakakuja. Na yule mama ku jeneza alinisifu, mara moja tu tangu anijue vizuri, kwa sababu nilisema sijui.

Mwalimu akasema: "Mzee?"

Nikaonyesha na kidole. Nikasema: "Hapa. Kichwa iko huku, ku mulima. Miguu ku ziwa."

Ilitoka na ile sauti ya mbele ya komisyo. Haikutetemeka. Nilisikia Zipora anavuta pumuzi.

Mwalimu akapiga goti. Akaweka mukono ku udongo mahali nilionyesha, akasema: "Babu." Kisha akalia, kwa mara ya kwanza, na watu wakalia naye, na wanawake wakaanza kuimba. Alipoinuka alinishika mukono na mikono yake miwili. Akasema ahsante. Akasema: "Mama angekusamehe sasa."

Walichimba ku upande wa kushoto wa mahali nilisema. Jembe iliingia bila kugonga kitu, udongo laini, mchanga yote, hawakutoka hata jasho. Mutu mmoja, sijui ni nani, wa Bugarama, akasema: "Hii shamba mwenyewe aliilima vizuri."